Joto la Kustahimilika: Kukanda Misuli bila Kuunguza Ngozi

Mama mkubwa wangu aliishi na kisukari kwa miaka mingi. Jioni moja alirudi kutoka sokoni miguu ikimuuma kwa kusimama kutwa, akaomba akandwe. Beseni likaletwa, maji yanafuka mvuke. Taulo likazamishwa, likakamuliwa, likazungushwa kwenye shavu la mguu. Binti aliyekuwa akimkanda akauliza, "Mama, si ya moto sana haya?" Akajibiwa, "Ongeza tu, mwanangu, hata sisikii."

Sote tuliokuwa pale tulidhani ule ni ujasiri. Kumbe ilikuwa dalili. Asubuhi mguu ulikuwa umejaa malengelenge, na kidonda kilichofuata kilikaa miezi kadhaa kabla ya kufunga. Kisukari kilikuwa kimeshaua mishipa ya fahamu ya miguu yake, naye hakuwa na namna ya kujua kwamba anaungua.

Tangu siku ile nimekuwa nikilisema jambo moja kwa kila anayenisikiliza, na leo nakuandikia wewe: joto ni tiba nzuri ya maumivu ya misuli, lakini linalotibu ni joto la kustahimilika. Ukiona unauma meno ili uvumilie, tiba imekwisha na kuungua kumeanza. Kwetu mgonjwa anayekandwa huambiwa "vumilia", naye akivumilia husifiwa. Sifa hiyo imewachubua watu wengi ngozi.

Kwa nini joto husaidia

Wazee wetu waliokanda kwa taulo la maji ya moto, kwa chumvi iliyokaangwa na kufungwa kitambaani au kwa majani ya mbarika yaliyopashwa motoni hawakuwa wakibahatisha. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, American College of Physicians, kilipotoa mwongozo wake wa kutibu maumivu ya kiuno, kilishauri kwamba mtu aliyeshikwa na maumivu hayo karibuni aanze na njia zisizo za dawa. Joto la juu ya ngozi ni mojawapo.

Joto hufanya kazi kwa njia mbili. Kwanza hupanua mishipa midogo ya damu, damu ikapita kwa wingi pale panapouma, na msuli uliokaza ukalegea. Pili, hutuma taarifa zake kwenye ubongo kupitia mishipa ya fahamu, na taarifa hizo hushindana na zile za maumivu. Ndiyo sababu nafuu huja mapema, pengine kabla hata msuli wenyewe haujalegea.

Lakini mwili una mpaka wake. Mwaka 1997 mtafiti David Julius na wenzake huko California walikuwa wakitafuta kitu kinachotufanya tusikie ukali wa pilipili. Wakakipata: ni kipokezi kilichomo kwenye mishipa ya fahamu, na kipokezi hichohicho hushtuka ngozi inapopata joto la kiasi cha nyuzijoto 43 na kuendelea. Mwaka 2021 Julius alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Kwa hiyo tunaposema pilipili "inawaka", tunasema kweli tupu, maana ubongo unapokea habari ileile ya moto. Na ngozi inapoanza kuchoma wakati wa kukandwa, kengele hiyo ndiyo inayolia. Ukivumilia, umeizima kengele huku moto unaendelea.

Kiasi gani, na kwa muda gani

Mwaka 1947 watafiti wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walipima ngozi inachukua muda gani kuungua kwa kila kiwango cha joto. Matokeo yao bado yanatumika. Kwenye nyuzijoto 60, sekunde tano hivi zinatosha kuunguza ngozi ya mtu mzima vibaya. Kwenye nyuzijoto 49, dakika zisizozidi kumi zinatosha. Na hata kwenye nyuzijoto 44, kiwango ambacho mkono unaweza kukistahimili, ngozi huharibika ikikaa hapo kwa saa sita hivi.

Soma tena hiyo ya mwisho, maana ndiyo inayowapata wanaolala na pedi ya joto kiunoni. Pedi ambayo haikuchomi unapoisinzilia saa nne usiku inaweza kukuunguza kufikia alfajiri. Kinachounguza ni joto na muda vikishirikiana.

Basi shika hesabu hii: joto la kati ya nyuzijoto 40 na 45, dakika 15 hadi 20, kisha uondoe na uiache ngozi ipumzike hadi wekundu uishe na ngozi irudie ubaridi wake. Mara mbili au tatu kwa siku zinatosha. Weka kengele ya simu kabla hujajilaza, kwa sababu joto huleta usingizi.

Wengi hatuna kipimajoto cha maji nyumbani, lakini vikombe tunavyo. Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, ambako maji ya bomba yenyewe yana uvuguvugu, changanya kikombe kimoja cha maji yanayochemka na vikombe vitatu vya maji ya bomba. Utapata maji ya nyuzijoto 45 hivi, nayo yatapoa kidogo yakigusa beseni na taulo. Ukiwa Nairobi, Mbeya au Njombe, maji huchemka kabla ya kufikia nyuzijoto 100 kwa sababu ya mwinuko, na ya bomba ni baridi zaidi. Huko kikombe kimoja cha yanayochemka kwa viwili vya baridi kitakupa karibu kiwango hichohicho. Anza kwa kutia maji baridi kwenye beseni, ndipo umimine ya moto, ukoroge.

Baada ya hapo pima kwa kiwiko, au kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Usipime kwa kiganja. Kiganja cha mtu anayepika kila siku, anayefua au anayeshika jembe kimeota sugu. Mama anayeepua sufuria kwa mikono mitupu hawezi kujua kwa vidole vyake kama taulo litamchoma mwenzake mgongoni. Mpimaji wa mwisho ni yule anayekandwa: muulize kila baada ya dakika chache, na akisema "punguza", punguza bila kubishana naye.

Vifaa na hatari zake

Taulo la maji ya moto ndilo salama kuliko vyote, kwa sababu hupoa lenyewe. Likamue vizuri, kwani maji yanayochuruzika kutoka kwenye taulo hufika mahali usipopakusudia.

Chumvi au mchanga wa kukaangwa unahitaji tahadhari kubwa zaidi. Maji hayawezi kupita nyuzijoto 100 kwenye sufuria ya kawaida, lakini chumvi kavu juu ya moto haina kikomo hicho, na huhifadhi joto kwa muda mrefu. Ukiitumia, iache ipoe, ifunge kwenye kitambaa kinene cha pamba, weka na taulo kavu kati yake na ngozi, na ijaribu kwenye kiwiko kwanza. Wenye maikrowevu wanaopasha mifuko ya mchele au ngano wakumbuke kuigeuzageuza na kuitikisa, kwa sababu maikrowevu haipashi sawasawa. Upande mmoja utakuwa vuguvugu na mwingine utachoma.

Chupa ya mpira ya maji ya moto ni nzuri ikiwa nzima. Maji yaliyotoka kuchemka yasimiminwe humo; yaache yapoe kidogo na uyachanganye na ya baridi. Jaza hadi theluthi mbili, bonyeza hewa itoke, funga kizibo, kisha uipindue juu ya sinki uone kama inavuja. Mpira huchakaa hata ukiwa kabatini. Chupa nyingi zilizotengenezwa kwa viwango vya Uingereza zina alama ya ua karibu na mdomo: namba ya katikati ni mwaka wa kutengenezwa, na petali 12 ni miezi. Ikishapita miaka miwili ya matumizi, au ukiona mpira umepauka na una nyufa unapoukunja, itupe. Chupa inapopasuka, hupasuka juu ya tumbo au mapaja yako.

Pedi ya umeme inataka uangalifu wa aina nyingine. Nunua yenye swichi ya kupunguza joto na inayojizima yenyewe baada ya muda. Angalia waya wake kila mara: uliomenyeka au uliokunjika hauungwi kwa selotepu. Usiikunje pedi ikiwa inawaka, wala usiitumie na nguo mbichi. Iweke juu ya mwili, usiilalie. Uzito wako hulizuia joto kutoka, nalo hujilimbikiza papo hapo. Ule mfuko wa umeme wenye maji ndani, unaochomekwa ukapata moto kisha ukachomolewa, usiukumbatie ungali kwenye soketi. Chomoa kwanza.

Kuna jambo ambalo wenye ndugu Marekani au Canada wanapaswa kulijua. Pedi inayouzwa huko imetengenezwa kwa umeme wa volti 120. Umeme wetu ni wa volti 230 Tanzania na 240 Kenya. Nguvu ya kipasha joto hukua kwa mraba wa volti, kwa hiyo pedi hiyo ikichomekwa kwetu moja kwa moja hutoa karibu mara nne ya joto lililokusudiwa. Adapta ya kubadili umbo la plagi haipunguzi volti. Soma kibandiko kilicho nyuma ya swichi kabla hujachomeka zawadi ya ndugu yako.

Zipo pia plasta za joto zenye unga wa chuma, ambao hutoa joto unapokutana na hewa. Zina joto la wastani na hukaa saa nyingi, na kwa sababu hiyohiyo si za kulalia usiku. Ngozi ya mzee ni nyembamba, hivyo yeye abandike juu ya fulana.

Dawa za kuchua hazikai pamoja na joto. Ukishapaka dawa yenye mentholi au methili salisileti, zile zinazonukia na kuwasha, usiweke pedi wala taulo la moto juu yake. Dawa hizo zenyewe zimewahi kuwaunguza watu, hata mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikatoa onyo mwaka 2012. Na mgonjwa aliyebandikwa plasta ya fentanili kwa maumivu makali asiweke joto lolote juu yake kabisa. Joto huiharakisha dawa kuingia kwenye damu, na kiasi hicho kinaweza kuua.

Nani asikandwe, na wapi

Mwenye kisukari asiwekewe joto miguuni. Akitaka kuipasha miguu moto, avae soksi. Aliyepooza upande kwa kiharusi, mwenye ganzi ya aina yoyote, aliyepata ukoma, aliyelewa na aliyemeza dawa za usingizi wote wako katika hali moja: kengele yao ya maumivu haifanyi kazi ipasavyo. Mtoto mdogo na mgonjwa asiyeweza kusema wasiachiwe pedi peke yao.

Mguu uliotoka kuteguka au msuli uliotoka kugongwa, ukavimba na kupata moto wenyewe, usiukande kwa joto katika saa 48 za mwanzo. Damu bado inavuja ndani, na joto litaongeza uvimbe. Siku hizo weka kitambaa cha maji baridi, au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika zisizozidi 20. Joto lina nafasi yake baadaye, uvimbe ukishatulia na kubaki ugumu. Maumivu ya siku mbili tatu baada ya kulima, kubeba mizigo au kuanza mazoezi hayana shida hiyo. Hayo joto huyafaa.

Wenye selimundu ni tofauti. Baridi inaweza kuamsha maumivu yao, kwa hiyo wao wasiwekewe barafu. Joto la wastani huwafariji maumivu yanapoanza, lakini maumivu makali, homa au shida ya kupumua ni safari ya hospitali mara moja.

Na sasa nataka nizungumze na akina mama na bibi zetu kuhusu mzazi. Kumkanda mama aliyejifungua ni upendo: siku zile watu humzunguka, humpikia, humwogesha. Lakini yale maji yanayokaribia kuchemka yanayopigwa tumboni kwa kitambaa "ili damu chafu itoke" hayaitoi. Kizazi ni msuli, na hujikaza chenyewe. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama humwaga homoni inayokikaza. Damu huendelea kutoka yenyewe kwa wiki kadhaa na kupungua pole pole. Maji ya kuunguza humwachia mama vidonda tumboni wakati analea. Aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe wala kubonyezwa tumbo kabisa. Mkande mgongo, mabega na kiuno kwa taulo la uvuguvugu, uone atakavyolala. Damu ikizidi, ikinuka, au akipata homa, mpelekeni hospitali.

Mjamzito naye aweza kuweka joto la wastani mgongoni au mabegani kwa muda mfupi, lakini si tumboni, wala asikae kwenye maji au mvuke unaopandisha joto la mwili mzima.

Kuna alama moja inayotuambia tumezidisha. Ukiona pale unapoweka pedi kila siku pameanza kutokea madoa ya kahawia au mekundu yaliyosukana kama wavu wa kuvulia, acha. Ngozi imechoshwa na joto la kila siku, na ukiendelea madoa hayo huweza kuwa ya kudumu. Mwonyeshe daktari ngozi hiyo, na mweleze pia maumivu yanayokufanya utafute joto kila siku.

Maumivu yasiyotaka kukandwa

Si kila kinachouma mgongoni ni msuli. Ukikanda kisichofaa kukandwa, unapoteza siku za thamani. Maumivu ya mgongo yanayoendelea kwa wiki nyingi, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku au kukonda, yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Maumivu ya kiuno yanayokuja na ganzi kati ya mapaja, miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Shavu la mguu mmoja likivimba, likiuma na kupata joto, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji au kujifungua, huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Usilikande wala kulichua, nenda hospitali. Paja au tako likiwa gumu, la moto na lenye uvimbe pamoja na homa, huenda ni usaha ndani ya msuli, ugonjwa unaojulikana sana katika nchi za joto kama zetu. Na mwili mzima ukiuma na homa juu, pima malaria kwanza.

Ukiungua licha ya yote haya, ondoa nguo na pete mapema, kisha weka pale palipoungua chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Huna bomba? Mimina maji safi kwa kikombe, pole pole, kwa muda huohuo. Usiweke barafu, dawa ya meno, yai wala mafuta. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kikavu na umwone mhudumu wa afya, hasa kama ni mtoto, mzee, mwenye kisukari, au kama lengelenge ni kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa.

Na joto likishakufanyia kazi yake, usirudi kulala. Zile dakika msuli umelegea ndizo za kuunyoosha: tembea uani, zungusha mabega, inama na kuinuka taratibu. Joto hufungua mlango tu. Kujongea ndiko kunakoponya mgongo.

Mama mkubwa hakukandwa tena miguu baada ya kidonda kile. Tulimkanda mabega kwa taulo la uvuguvugu, tukimuuliza kila mara, naye akitujibu kwa kuwa mabegani alikuwa anasikia. Nakuomba ufanye hivyohivyo nyumbani kwako. Unapomkanda mtu, muulize na uamini jibu lake. Unapokandwa wewe, sema mapema, usione haya. Na anayekuambia kwamba hasikii joto, toa taulo papo hapo, kisha mpeleke akapimwe.